Rupia ya Mombasa au Bati Limepakwa Rangi? Jinsi ya Kutambua Sarafu Feki Kabla Utume M-Pesa

Kuna hasara moja mtandaoni ambayo wasee wengi wanaona haya kuisema: kununua sarafu ya zamani, ikuje kwa bahasha, alafu uambiwe ni bati tupu. Ingia eBay, Facebook Marketplace ama grupu za Telegram utafute sarafu za Pwani. Utaona rupia, pesa za Mjerumani, reale za mama mnene wa Austria, na kila muuzaji anaapa kuwa babu yake aliziacha kwa sanduku.

Zingine ni za ukweli. Nyingi ni form. Kama unataka kuingia huu mchezo, ama una sarafu ya nyanya na unashangaa ina thamani gani, soma hii mpaka mwisho kabla utoe ganji.

MBONA SARAFU ZA PWANI ZINA SOKO

Hapo Biashara Street, Mombasa, leo watu wanalipia leso na vikoi kwa simu. Lakini kisiwa hiki kiliwahi kuwa na sarafu zimeandikwa jina lake. Mwaka wa 1888 kampuni ya Imperial British East Africa, chini ya William Mackinnon, ilipata kibali cha kifalme Uingereza, na mwaka huo huo ukawekwa kwa sarafu za Mombasa: paisa za shaba na rupia za fedha. Zina mizani ya haki na maandishi ya Kiarabu. Rupia moja ilikuwa paisa 64.

Kampuni haikudumu. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote. Ndio maana sarafu zake ni za miaka michache tu na wakusanyaji wanazililia. Kitu ikililiwa, wenye feki hawako mbali.

FEKI, NAKALA NA MARUDIO: SI KITU MOJA

Hapa ndio watu huchanganyikiwa, na muuzaji mjanja anapenda ukichanganyikiwa.

Feki ni ile imetengenezwa ikudanganye. Nakala ni ya mapambo ama ukumbusho. Haina shida kama imeuzwa kama nakala. Marekani ina sheria ya tangu 1973 inayotaka nakala za sarafu zipigwe neno COPY. Shida ni msee akiisugua hilo neno litoke, ama akipiga picha upande ule mwingine pekee.

Marudio ndio utamu wenyewe. Hii ni sarafu ya halali, imepigwa na kiwanda cha serikali, lakini tarehe yake si ya siku ilipopigwa. Mfano mkubwa ni reale ya Maria Theresa. Malkia alikufa Novemba 1780, na tangu hapo sarafu yake inaendelea kupigwa ikiwa na tarehe ile ile, 1780. Vienna bado wanaipiga mpaka leo. Ishapigwa pia London, Birmingham, Bombay, Paris na Roma, kwa sababu wafanyabiashara wa Ethiopia, Uarabuni na Pwani yetu hawakutaka fedha nyingine.

Kwa hivyo msee akikuambia "hii ni original ya 1780, ina miaka zaidi ya 240", usikimbilie kulipa. Yawezekana ni fedha ya ukweli, lakini imepigwa juzi. Bei yake ya haki ni ya fedha iliyo ndani, gramu 23 na ushee, na faida kidogo ya muuzaji. Si bei ya sarafu ya makumbusho.

SARAFU NNE ZA KUCHEKI NA MACHO MAWILI

1. Reale ya Maria Theresa. Uzito gramu 28.07, upana kama milimita 40, fedha ya asilimia 83.3. Kwa ukingo, sio kwa uso, kuna maandishi ya Kilatini: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukingo ukiwa laini ama una mistari tu kama shilingi, achana nayo.

2. Rupia ya Mombasa ya 1888. Uzito gramu 11.66, kipimo kile kile cha rupia ya India. Paisa yake ya shaba ni kama gramu 6.5. Paisa ina mwaka wa Kiislamu 1306 kwa tarakimu za Kiarabu. Mwaka wa 1306 ulianza Septemba 1888, kwa hivyo hesabu inakubali. Ukikuta mwaka wa Kizungu na wa Kiislamu havipatani, imekula kwake.

3. Rupia za Mjerumani. Zina Kaiser Wilhelm II na kofia ya tai. Rupia moja ni gramu 11.66. Ile ya rupia 2, ya 1893 na 1894, ni gramu 23.32, na ndiyo imeigizwa sana kwa sababu ya bei yake. Pesa zao ndogo za shaba zina miaka ya Kiislamu 1307, 1308 na 1309. Ndio, jina ni "pesa", kama ile ya M-Pesa.

4. Ndovu wa Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walizibiwa bahari, wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka wa 1916. Ya dhahabu ni rupia 15: ndovu ameinua mkonga, milima nyuma, herufi T upande wa tai. Uzito gramu 7.17, upana milimita 22. Zilipigwa kama 16,000 tu. Sasa jiulize: kama dunia nzima ina hizo tu, na zingine zilishapotea, mbona huyu msee wa Telegram ako na kumi kwa meza moja?

Na pia usidharau kitu kwa sababu haijanyooka. Heller 5 na heller 20 za Tabora zilipigwa kwa haraka ya vita, nyingi zina sura mbaya toka siku ya kwanza. Ubaya wa kazi peke yake sio ushahidi wa feki.

KABLA UPANDISHE DAU: SOMA PICHA

Mnadani huna sarafu mkononi, una picha tu. Ifanye ikuambie ukweli.

Kwanza, weka picha kwa Google Lens. Ikitokea kwa tangazo la mtu mwingine, nchi nyingine, mwaka jana, hiyo safari imeisha.

Pili, angalia mikwaruzo. Sarafu ikitembea kwa mifuko ya watu hupata makovu yake pekee, kama alama za vidole. Ukiona sarafu mbili tofauti zina kovu lile lile, mahali pale pale, zote zimetoka kwa kalibu moja. Hii ndio dalili ya nguvu kuliko zote na haikugharimu kitu.

Tatu, soma Kiarabu. Kama ulipita madrasa, hapa uko mbele ya mnunuzi wa London. Mtengenezaji wa feki mara nyingi anachora herufi asizozijua: nukta zimepotea, herufi zimeshikana vibaya, sita imegeuka kitu haina jina. Weka picha ya feki unayoshuku kando ya picha kutoka kwa katalogi kama Numista, ulinganishe herufi moja moja.

Nne, angalia uso wa sarafu. Sarafu ya ukweli imegongwa kwa nguvu: kingo za herufi ni kali, uwanja ni laini. Ya kumwagwa kwa kalibu ina vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zimevimba kama sabuni iliyooga, na ukingoni unaweza kuona mstari mahali kalibu mbili zilikutana.

Tano, angalia uchakavu. Sarafu huchakaa pale palipoinuka kwanza: shavu, nywele, mbavu za ndovu. Kama shavu liko fiti lakini mabondeni pote ni peusi kama masizi, mtu amepaka dawa.

Picha zikiwa chache, omba zingine. Andika hivi, kwa heshima: "Kaka, naomba picha ya pande zote mbili na ya ukingo, pia moja ikiwa juu ya mizani namba zionekane. Weka karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo kando." Muuzaji wa ukweli hutuma. Wa form ataanza stori: simu imeharibika, kamera mbovu, kuna mteja Dubai anangoja.

IKIFIKA MKONONI

Usikubali kulipa yote kabla ya vipimo hivi, ama nunua tu mahali unaweza kurudisha mali.

Mizani: Tafuta ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini reale ya gramu 24 haipo. Ikizidi uzito, hata mbaya zaidi, kwa sababu kuchakaa hakuongezi.

Sumaku: Fedha, shaba na dhahabu hazivutwi. Ikirukia sumaku, ndani ni chuma. Lakini isiporuka haimaanishi ni ya ukweli, maana shaba nyeupe pia hairuki.

Maji: Hiki ndio kipimo cha wanaume na wanawake wenye subira. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe sufuri. Funga sarafu kwa uzi, uizamishe bila kugusa glasi. Namba inayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wa sarafu kwa hiyo namba. Reale ya ukweli ya gramu 28.07 itasoma kama 2.75, yaani jibu ni 10.2 hivi. Ukipata karibu 8.9, hiyo ni shaba na nikeli zimevaa nguo ya fedha. Rupia ya gramu 11.66 itasoma kama 1.13, jibu 10.3.

Sonara: Ukikwama, beba sarafu kwa sonara. Msalimie mzee vizuri, mwambie unataka kujua madini tu. Atakuambia kama ni fedha, lakini kumbuka: feki zingine siku hizi zinatengenezwa kwa fedha ya ukweli. Madini sawa haimalizi kesi, bado lazima herufi zikubali.

Na tafadhali, usioshe. Usisugue na majivu, ndimu wala dawa ya meno. Ukiing'arisha, mkusanyaji anakata bei papo hapo.

KASHA LA PLASTIKI SI KINGA

Sarafu ghali nyingi huuzwa ndani ya kasha la kampuni za ukaguzi kama PCGS na NGC. Poa, lakini makasha pia yanaigizwa. Ingiza namba ya kasha kwa tovuti ya kampuni yenyewe. Ikikubali, bado linganisha: ni sarafu ile ile? Kuna picha? Kovu zinafanana? Mwizi anaweza kunakili namba ya ukweli, akaiweka juu ya sarafu ya uwongo.

FORM ZA MATAPELI WA KIKWETU

Ile ya kwanza: "Tunanunua shilingi ya Kenyatta kwa laki tano." Unatumia picha, anakupongeza, alafu anaitisha pesa ya usajili, ya cheti, ya usafiri. Hakuna mnunuzi wa ukweli anayemlipisha muuzaji ndio amlipe. Sarafu za kwanza za Kenya za 1966 zilipigwa kwa mamilioni, na ile ya shilingi 40 yenye Kibaki ya 2003 si dhahabu.

Ya pili: "Ina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu, kwa hivyo ni nadra." Ni kweli alijiuzulu Desemba 1936. Lakini senti za Afrika Mashariki zenye tundu na jina lake zilipigwa kwa mamilioni. Stori nzuri, bei ndogo.

Ya tatu: dau linapanda lenyewe. Akaunti mpya mbili zinashindana na wewe usiku kucha kwa sarafu ya muuzaji mmoja. Hao ni mbogi yake. Weka bei yako ya mwisho kwa karatasi kabla mnada uanze, na usiipite.

Ukishatuma kwa M-Pesa na ukagundua umechezwa, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 mara moja. Dakika zina maana. Akishatoa, rada ni chafu.

SHERIA IKO NA MENO

Hii ndio wengi hawajui. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa Kenya ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, vitabu na hati zikiwa kando. Rupia ya 1888 iliyokaa kwa sanduku la nyanya imo. Kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kwa hivyo ukiiuza eBay na kuiposti Ulaya kimyakimya, unaweza kujikuta na kesi badala ya chapaa.

Na ukiona tangazo la "sarafu imechimbwa Gedi" ama "imetoka Kilwa", toroka. Kama ni uwongo, umenunua feki. Kama ni ukweli, umenunua mali iliyoibwa kutoka kwa magofu. Hakuna upande unaoshinda.

Kama una kitu cha nyumbani na unataka kujua ni nini, anza na watu wa Makumbusho pale Fort Jesus. Uliza kabla uuze. Reale zingine za nyanya zimetobolewa ama kuunganishwa kishikio zivaliwe shingoni. Mkusanyaji ataita huo uharibifu, lakini kwenu ni mahari ya mtu. Hiyo bei haiko kwa katalogi yoyote.

KWA UFUPI

Tafuta picha kwingine. Linganisha makovu. Soma Kiarabu. Itisha uzito na ukingo. Pima kwa maji. Hakiki namba ya kasha. Usilipe ada ya kuuza. Na muuzaji akikuharakisha, muache aende na sarafu yake: ya ukweli imengoja zaidi ya miaka mia, haiwezi kushindwa kungoja mpaka kesho.