Mume Kusaidia Kazi Za Nyumbani: Sunnah Inayoonewa Haya

 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kila mara, hasa Ramadhaan inapokaribia, ni hili la mume na kazi za nyumbani. Wanawake huuliza kama mume ana wajibu wowote jikoni. Wanaume huuliza kama mwanamme akifua na kuosha vyombo hapotezi haiba yake ya kuisimamia nyumba. Na nyuma ya maswali yote mawili liko lile neno letu la visiwani: mwanamme akionekana anakuna nazi au anamkosha mtoto, husemwa amekaliwa na mkewe, au kalishwa limbwata. Wengi wanaopenda kusaidia hurudishwa barazani na neno hilo tu.

Al-Aswad bin Yaziyd alimuuliza Mama yetu ‘Aaishah (Radhwiya Allaahu ‘anhaa) Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akamjibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa Swalaah ukiingia hutoka kwenda kuswali. Hadiyth hii ameipokea Imaam al-Bukhaariy. Katika riwaayah za Imaam Ahmad zimetajwa kazi zenyewe: akishona nguo yake, akitengeneza viatu vyake, akimkama mbuzi wake, akijihudumia mwenyewe.

Tuangalie ni nani aliyekuwa akifanya hayo. Ni kiongozi wa Madiynah, anayepokea wajumbe wa makabila na kuamua kesi za watu. Tena alikuwa na Anas bin Maalik (Radhwiya Allaahu ‘anhu) aliyemhudumia kwa muda wa miaka kumi. Kwa hiyo hakushika sindano kwa kukosa wa kumtuma. Na khabari hizi zimetufikia kupitia kwa mkewe, kwa sababu zilikuwa ni mambo ya ndani ambayo wa nje hakuyaona.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipoulizwa kuhusu kibri, alikieleza kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Maana hii inatusaidia kujichunguza, kwani wanaume wetu wa visiwani hawashindwi na kazi zenyewe. Wavuvi wanaokwenda dago hupika wenyewe, hufua wenyewe na hufagia walipolala. Kwenye harusi zetu, wanaokoroga pilau katika masufuria makubwa huku moshi umewajaa machoni aghlabu ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Asubuhi mwanamme huyo huyo hurudi na samaki mkononi kutoka sokoni, na hilo pia halimtii aibu. Aibu humjia anapovuka kizingiti cha nyumba yake, kazi ile ile ikiwa ni ya kumpunguzia mkewe uzito. Basi hapo na ajiulize anachokichukia ni kazi au ni kuonekana anamtumikia mke.

Ama kuhusu hukmu, Wanavyuoni wamekhitilafiana kama kupika, kufua na kufagia ni wajibu wa mke. Ibn al-Qayyim katika Zaad al-Ma’aad ameipa nguvu kauli kuwa ni wajibu wake kwa mujibu wa ada njema ya watu. Lakini sisi visiwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imaam ash-Shaafi’iy, na kauli inayojulikana humo ni kuwa si wajibu. Imaam an-Nawawiy, katika sharh yake ya Swahiyh Muslim, anapoieleza Hadiyth ya Asmaa bint Abi Bakr, anasema kwamba kazi hizo ni hisani ya mwanamke kwa mumewe na ada njema waliyoishi nayo watu, na lau angejizuia nazo zote asingepata dhambi. Inashangaza kwamba watu wanaoshikamana na madhehebu haya katika qunuti ya Alfajiri na katika maulidi huwa hawaijui mas-ala hii.

Hatuisemi ili wanawake waweke chini mwiko kesho. Ada njema ina nafasi yake katika dini, na Allaah Ameamrisha wanandoa wakae kwa wema. Tunaisema ili mume ajue kwamba sahani inayowekwa mbele yake, kwa madhehebu yake mwenyewe, ni hisani, na mtu anayefanyiwa hisani hapigi meza kwa sababu chumvi imezidi.

Na hiyo Hadiyth ya Asmaa (Radhwiya Allaahu ‘anhaa) hutajwa sana na wanaume kama ushahidi kuwa mke lazima achoke. Ni kweli alimlisha farasi wa mumewe az-Zubayr, akateka maji, akakanda unga, na akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani, mwendo wa theluthi mbili za farsakh. Wanaoitaja huisahau sehemu ya mwisho. Siku moja Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimkuta njiani na mzigo wake, akamkalisha ngamia chini ili ampandishe. Asmaa akaona haya kwa kujua wivu wa mumewe. Alipomwelezea az-Zubayr, yeye alisema kuwa kumwona amebeba kokwa zile ni kuzito zaidi kwake kuliko kupanda na Mtume. Mzigo wa mkewe ulimuuma. Baadaye Abu Bakr alimpelekea bintiye mtumishi wa kumhudumia farasi, na Asmaa akahisi kama aliyeachwa huru.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani umekuwa kazi ya mama zetu wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani. Huingia baharini maji yakitoka, hurudi nguo zimerowa na mgongo umekakamaa, kisha huanza kuwasha moto. Mwanamke wa namna hii anachangia na matumizi ya nyumba, jambo ambalo kisharia ni jukumu la mume. Akimkuta mumewe amekaa anangoja chakula, ni vipi tutaita huko kukaa kwa wema?

Ramadhaan ndipo tatizo linapoonekana wazi. Mama huingia jikoni tangu Adhuhuri: muhogo, ndizi, tambi, uji, kaimati, sambusa, samaki wa kukaanga. Adhana ya Magharibi inamkuta bado anapakua. Wanaume wakitoka kwenda ‘Ishaa na Taraawiyh yeye amebaki na rundo la masufuria, na mwezi unakwisha hakuhitimisha hata juzuu chache. Tunashauri kwanza vyakula vipunguzwe. Watu hawakufaradhishiwa aina saba. Pili, mume na vijana wakune nazi, watandike mkeka na waoshe vyombo. Akipatikana wa kuosha, naye atapata kuswali kwa utulivu.

Watoto nao hufunzwa mapema, kwa heri au kwa shari. Ziko nyumba ambazo msichana haendi chuoni mpaka aoshe vyombo na kufagia uwanja, akafika amechelewa na kuadhibiwa, wakati kaka yake alitoka mapema mikono mitupu. Mara nyingi anayemwambia mtoto wa kiume “wacha, hiyo kazi ya kike” ni mama mwenyewe. Huyo mama anamlea mume wa binti wa watu. Na mkwe anayemwona mwanawe anasaidia, basi na aitie dua nyumba hiyo, asipeleke maneno kwa majirani.

Palipo na mtumishi, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameamrisha wasikalifishwe wasiyoyaweza, na wakikalifishwa wasaidiwe.

Kuna pia adabu za kusaidia. Aliyeosha kikombe kimoja asiutangazie mtaa, wala asijipige picha akaituma kwenye makundi ya simu. Mke naye asiyapeleke ya nyumbani kwenye harusi na visomo, kwani mume akishachekwa mara moja huacha.

Tumeulizwa vilevile kama mume anaweza kuacha jamaa’ah kwa sababu anasaidia jikoni. Jawabu limo katika maneno ya Mama ‘Aaishah: wakati wa Swalaah ukiingia, hutoka. Ila kama mke ni mgonjwa au ana mtoto mchanga na hana mwengine wa kumtazama, hiyo ni dharura, ataswali nyumbani. Ama muda wa baada ya ‘Ishaa mpaka saa tano za usiku, kwenye bao na kahawa, huo hauna adhana inayomwita.

Wa Allaahu A’lam.