Toleka, moto na mvua ya Wagenia

Wandugu wanachama, na ninyi marafiki munaotuunga mukono kutoka mbali,

Mvua kubwa za mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja zikianza, wengine munatuuliza: kwa nini vijana wetu waliorudi wanashikilia kazi ya moto, na munajua matope ya huku? Jibu liko ndani ya historia ya muji.

Zamani Kisangani ilitegemea mto na reli. Hapa Wagenia ndipo maporomoko saba ya Boyoma yanaishia, na meli kutoka Kinshasa haiwezi kupanda zaidi. Ndiyo sababu mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilifunguliwa, kutoka ng'ambo ya kushoto mpaka Ubundu.

Halafu vita ikaja. Kuanzia 1998 waasi walishika muji na njia ya mto kwenda Kinshasa ikafungwa. Esansi ikawa ya shida, magari yakapungua. Vijana wakafunga kiti nyuma ya kinga, wakaanza kubeba watu. Wakaita kazi hiyo toleka, neno la Lingala, maana yake "tupite". Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya muji siku sita, tarehe 5 mpaka 10. Mabombe zaidi ya 6,000 yalianguka na raia mamia walikufa. Baada ya pale, kinga ndiyo iliendelea kupeleka mama sokoni na mugonjwa hospitali. Hakuna ofisi iliyoianzisha. Ni watu wenyewe.

Mto ulipofunguliwa tena 2003, na barabara namba 4 ya Bafwasende na Nia-Nia kutengenezwa miaka iliyofuata, moto ziliingia kwa wingi. Toleka ikapisha. Lakini namna ya kazi ilibaki ile ile: kijana, magurudumu mawili, na mteja nyuma.

Mvua nayo haikubadilika. Udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta vinachanganyika na maji. Wazee wa kazi wanafundisha wadogo: punguza mwendo kabla ya kona, usikamate freni kwa nguvu, usiingie dimbwi usilojua kina chake. Mvua ikizidi, wote wanajibanza chini ya baraza.

Hapo ndipo shida yetu iko. Wengi wanaendesha moto ya mutu mwingine, na mwenye moto anangojea pesa yake kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwenye deni hakai barazani. Anatoka ndani ya mvua, na mteja wake pamoja naye. Ajali nyingi tunazosikia zinaanzia kwenye deni hilo.

Ninaomba mukutano ujao uzungumuze jambo moja: tutenge kidogo katika likelemba yetu, iwe akiba ya siku za mvua, ili ndugu aliyesimamisha moto aweze kukopa pesa ya mwenyewe na kuirudisha bila faida, jua likiwaka. Marafiki wanaoweza kuongeza, waongeze hapo.

Wakati wa vita watu wa Kisangani walijitengenezea usafiri bila kungojea mutu. Kumungojesha dereva mvua ipite, hilo pia tunaliweza.