Mara Hamsini na Nne: Tom Mitchell na Kipimo cha Kiungo katika Futiboli ya Kiaustralia

Machi 2018, katika mzunguko wa kwanza wa Ligi ya Futiboli ya Australia (AFL), kiungo wa Hawthorn aitwaye Tom Mitchell aliugawa mpira mara 54 katika mechi moja dhidi ya Collingwood, kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne. Hakuna aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Rekodi aliyoivunja, ya mara 53, ilikuwa ya Greg Williams wa Sydney, na ilikuwa imesimama tangu 1989. Hawthorn walishinda siku hiyo, na miezi sita baadaye Mitchell alivishwa Medali ya Brownlow, tuzo ya heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupewa mchezaji mmoja mmoja katika ligi hiyo.

Hata hivyo, sifa hizo hazikuwanyamazisha waliomtilia shaka. Walisema sehemu kubwa ya mipira yake haina madhara: ni pasi fupi, za karibu, zinazomwacha mpinzani palepale alipokuwa. Walisema hana kasi ya kumkimbia mtu, wala mguu wa kuupeleka mpira mbali.

Makala haya yanayachukua mabishano hayo kwa uzito unaostahili, kwa sababu kila upande una ushahidi wake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nguvu na upungufu wa Mitchell vinatoka katika chemchemi moja, na kwamba thamani ya kiungo wa aina yake haiwezi kukadiriwa mpaka ijulikane anacheza na akina nani.

Kazi ya kiungo

Msomaji aliyelelewa na kandanda anahitaji kwanza kuujua uwanja. Futiboli ya Kiaustralia, ambayo kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, huchezwa kwenye kiwanja kikubwa chenye umbo la yai. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, na hakuna kuotea. Mpira umechongoka ncha zote mbili. Mtu anaweza kukimbia nao, mradi audundishe au auguse chini kila baada ya mita 15, lakini haruhusiwi kuurusha. Akitaka kumpa mwenzake ana njia mbili: aupige teke, au aushike kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Teke likipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni goli la pointi 6. Likipita pembeni yake, ni pointi 1. Kila teke na kila pasi ya ngumi huhesabiwa kuwa mgao mmoja, na hesabu hiyo ndiyo iliyomfikisha Mitchell kwenye 54.

Mwanzoni mwa kila robo, na baada ya kila goli, mpira huanzishwa katikati. Warukaji wawili warefu huruka kuugombea hewani, huku viungo watatu wa kila upande wakisubiri chini yao. Anayeupata hapo hana hata sekunde mbili za kufikiri, kwa sababu tayari mikono ya wapinzani iko kiunoni mwake. Mpira ukitoka kwenye msongamano huo, viungo huufuata kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine. Si ajabu kiungo mmoja kukimbia kilomita 12 au zaidi katika robo nne.

Katika kandanda, wapenzi wa mchezo husema kuna kiungo mkabaji na kiungo mchezeshaji, na makocha huwapanga wote wawili wasaidiane. Katika futiboli ya Kiaustralia kazi hizo mbili humwangukia mtu yuleyule, wakati mwingine ndani ya pumzi moja. Ndiyo maana tathmini ya haki inapaswa kujibu maswali matatu: kiungo huyu anaupataje mpira? Ukitoka kwake unakwenda wapi? Na mpira ukiwa kwa wapinzani, yeye anafanya nini?

Mikono inayoona

Kwa swali la kwanza, ni wachache wenye jibu la kulinganishwa na la Mitchell. Si mrefu, akilinganishwa na viungo wa kisasa kama Marcus Bontempelli wa Western Bulldogs au Patrick Cripps wa Carlton, ambao wote wanazidi sentimita 190. Ufupi huo umekuwa mtaji. Huinama chini ya miili ya wengine, huuokota mpira kwa mara ya kwanza bila kuupapasa, na huutoa kwa ngumi kabla hajasimama wima. Akiupoteza huufuata tena. Akiutoa hukimbilia upande ambako anaweza kurudishiwa. Sehemu kubwa ya hesabu zake inatokana na tabia hiyo ya kugawa, kufuata na kupokea upya.

Uwezo huo haukuonekana wote alipokuwa Sydney, klabu iliyomchukua kwa kanuni inayoipa timu haki ya kwanza kwa mtoto wa mchezaji wake wa zamani. Baba yake, Barry Mitchell, aliichezea. Pale alikuta Josh Kennedy, Luke Parker, Dan Hannebery na Kieren Jack, viungo waliokwisha kujijengea ufalme wao. Mwishoni mwa 2016 alihamia Hawthorn, klabu iliyokuwa imewaachilia wakongwe wake wawili wa kiungo, Sam Mitchell na Jordan Lewis, kwa wakati mmoja. Nafasi ilikuwa wazi, na Tom Mitchell akaijaza kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitarajia.

Mpira unakwenda wapi

Swali la pili ndilo linaloleta ubishi. Mwaka 2017 Mitchell aliugawa mpira mara 50 katika mechi moja, pia dhidi ya Collingwood, na timu yake ikashindwa. Msimu huo Hawthorn walimaliza nafasi ya 12. Mkosoaji ana haki ya kuuliza: kama mtu mmoja anaweza kuushika mpira kiasi hicho na timu isifike popote, je, kuushika huko kuna uzito gani?

Takwimu za kawaida hazimsaidii anayetafuta jibu. Asilimia ya usahihi, inayonukuliwa sana, huweka kapu moja vitu visivyofanana. Pasi ya ngumi ya mita mbili kwenda nyuma, kwa mwenzake aliyesimama peke yake, huhesabiwa kuwa imefaulu. Teke la zaidi ya mita 40 linaloangukia mahali ambapo pande mbili zina nafasi sawa ya kuugombea mpira nalo huhesabiwa kuwa limefaulu. Moja limeokoa mpira na jingine limeuhamishia mbele robo ya uwanja, lakini karatasi huyaandika kwa wino uleule. Kwa sababu hiyo wanatakwimu wa ligi wameongeza vipimo vingine: mipira iliyopatikana kwa kugombewa, mipira iliyotolewa kwenye msongamano, mita ambazo mchezaji ameisogeza timu yake mbele. Upo hata mfumo unaolipima kila tendo kwa kulinganisha uwezekano wa timu kufunga kabla na baada yake.

Mfano unaoeleweka upesi ni Dustin Martin wa Richmond. Mwaka 2017 alishinda Brownlow, kisha akawa mchezaji bora wa fainali kuu tatu, 2017, 2019 na 2020, na Richmond wakatwaa ubingwa miaka yote hiyo mitatu. Martin hakuhitaji kuushika mpira mara 50. Alimsukuma mkabaji kwa kiganja, akakimbia, akapiga teke refu, au akasogea karibu na goli na kufunga mwenyewe. Mgao mmoja wa Martin ungeweza kubadilisha robo nzima. Mgao mmoja wa Mitchell humpa mwenzake nafasi ya kubadilisha kitu. Tofauti hiyo ni ya kweli, na mtetezi wa Mitchell akiikana anajinyima hoja yake iliyo bora.

Waamuzi nao wana mchango katika kuipa uzito hesabu ya mipira. Kura za Brownlow hupigwa na waamuzi wa uwanjani baada ya kila mechi ya msimu wa kawaida: kura 3, 2 na 1 kwa wachezaji watatu waliowaona bora. Mwamuzi huwa karibu na mpira, na aliye karibu na mpira kila dakika ni kiungo. Mwaka 2018 Mitchell alipata kura 28, akifuatwa na Steele Sidebottom wa Collingwood aliyepata 24, naye kiungo. Beki hodari huachwa gizani. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, aliteuliwa katika kikosi bora cha mwaka 2021 akiwa Port Adelaide kwa kuzidaka pasi za wapinzani kabla hazijazaa goli. Kazi ya namna hiyo huziokoa timu, lakini ni nadra kuzaa kura. Kwa hiyo medali ya 2018 inathibitisha kwamba Mitchell alionekana. Ukubwa wa thamani yake unahitaji ushahidi mwingine.

Msimu usio na Mitchell

Ushahidi huo ulikuja kwa njia ya kuumiza. Januari 2019 Mitchell alivunjika mguu mazoezini, na msimu mzima ukampita. Mwaka 2018 Hawthorn walikuwa wameshinda mechi 15 kati ya 22 na kumaliza nafasi ya nne. Mwaka 2019, bila yeye, walishinda 11 na kushika nafasi ya tisa, moja tu nje ya nane zilizoingia hatua ya fainali wakati huo. Kijana James Worpel alibeba sehemu ya mzigo vizuri kiasi cha kuwa mchezaji bora wa klabu mwaka huo, na bado ushindi wa mechi nne haukupatikana.

Msimu mmoja hauthibitishi kila kitu. Wachezaji wengine walikuja na kuondoka, na ratiba ya mechi hubadilika. Hata ushahidi wa 2018 wenyewe una pande mbili: Hawthorn walipofika hatua ya fainali mwaka ule walipoteza mechi zote mbili, dhidi ya Richmond na dhidi ya Melbourne. Ukiyasoma yote kwa pamoja, picha inajitokeza. Mitchell aliinua kiwango cha timu kutoka wastani hadi nzuri. Kuitoa kwenye nzuri hadi bingwa kulihitaji miguu ambayo yeye hana, na Hawthorn wa miaka ile hawakuwa nayo ya kutosha.

Mtu mzito huweza kuwa bingwa

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kiungo asiye na kasi amefungiwa mlango. Greg Williams, mwenye rekodi ya zamani, alikataliwa na Carlton ujanani kwa kuonekana mzito. Alishinda Brownlow mara mbili, 1986 na 1994, kisha mwaka 1995 akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali kuu, akiwa na Carlton ileile. Sam Mitchell wa Hawthorn hakuwa na kasi pia. Alitwaa ubingwa mara nne, 2008, 2013, 2014 na 2015. Alikuwa na silaha iliyofunika udhaifu wake: alipiga teke kwa mguu wa kulia na wa kushoto kwa usahihi unaokaribiana, hivyo mkabaji hakujua amzibie upande upi.

Tom Mitchell hana kifuniko cha namna hiyo. Na katika swali la tatu, la mpira ukiwa kwa wapinzani, hali yake inagawanyika. Ndani ya msongamano ni mkabaji mwenye bidii. Mpira ukishatoka na kuanza kusafiri, mpinzani mwenye mbio humwacha. Hapa ndipo chemchemi moja inapoonekana wazi. Hakai karibu na mpira kwa kukosa maarifa ya kwenda kwingine. Amejifunza kuishi hapo, kwa sababu ndipo mahali ambapo kasi ina kazi ndogo na macho, mikono na pumzi vina kazi kubwa. Kocha anayemtaka aufungue uwanja kama Martin atamtoa mahali pekee anapowashinda wengine.

Kikosi kingine, hesabu nyingine

Mwishoni mwa 2022 Hawthorn, sasa wakifundishwa na Sam Mitchell, walimruhusu kuondoka. Walikuwa wanajenga upya kwa vijana, na kiungo anayekaribia miaka 30 anayeshika mpira mara nyingi kuliko wote huwanyima vijana mafunzo. Uamuzi wao ulieleweka. Waliomchukua ni Collingwood, klabu ileile iliyokuwa mbele yake siku za 50 na za 54. Mwaka huo walikuwa wamekosa fainali kuu kwa pointi moja tu, waliposhindwa na Sydney 95 kwa 94. Kocha wao, Craig McRae, tayari alikuwa na Nick Daicos, Jordan De Goey, Scott Pendlebury na Sidebottom. Wa kukimbia walikuwapo, na wa kupiga mbali walikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kuingia chini, kuuokota na kuwapa.

Mitchell akafanya hivyo, mara chache zaidi kuliko alivyozoea, na hakuna aliyeulizia rekodi. Tarehe 30 Septemba 2023 Collingwood waliwafunga Brisbane pointi 90 kwa 86 katika fainali kuu kwenye MCG, mbele ya zaidi ya watu 100,000. Upande wa pili alikuwapo Lachie Neale, aliyekuwa ametwaa Brownlow yake ya pili wiki hiyohiyo. Dakika za mwisho Brisbane walipotangulia, magoli mawili ya mbali yaliwarudisha Collingwood mbele, moja la De Goey na jingine la Sidebottom. Yalikuwa mateke ya aina ambayo wakosoaji walisema miaka yote kwamba Mitchell hana. Safari hii hakuhitaji kuwa nayo, kwa kuwa yalikuwapo kwenye miguu ya wenzake.