Lodi Rosebery, Mume wa Hannah

Msomaji wa Kampala au wa Mombasa aliyepata kupitia habari za kuja kwa serikali ya Kiingereza katika nchi ya Buganda huwajua Kapteni Lugard na Sir Gerald Portal, kwani hao walionekana kwa macho na nyayo zao zilikanyaga njia ya bara. Lakini yule aliyeshikilia, mbele ya mawaziri wenzake ambao wengi wao hawakutaka hata kulisikia jambo lenyewe, kwamba nchi ile isiachwe, alikuwa ameketi London, na jina lake huku kwetu halitajwi ila kwa nadra. Naye alikuwa Archibald Philip Primrose, Lodi wa tano wa Rosebery, Mskochi kwa nasaba na kwa mapenzi, ingawa alizaliwa London tarehe 7 Mei 1847.

Baba yake alikufa naye hajatimiza miaka minne, mama yake akaolewa tena na bwana aliyekuja kuwa Duke wa Cleveland, na mwaka 1868, babu yake mzaa baba alipofariki, kijana yule akaachiwa cheo, na mashamba ya Dalmeny yaliyo kando ya ghuba ya Forth karibu na Edinburgh, na mali ambayo hakuitolea jasho. Mwalimu wake wa Eton, William Johnson, mshairi na mtambuzi wa tabia za vijana, alikuwa amekwisha kusema juu yake neno lililomganda maisha yake yote, kwamba ni katika wale watakao taji la mshindi pasipo vumbi la uwanja. Mwaka 1869 wakuu wa chuo chake huko Oxford wakamkhiyarisha: ama amwache farasi wake wa mashindano, Ladas, kwa kuwa mwanafunzi hakuruhusiwa kuwa na farasi wa namna hiyo, ama atoke. Akatoka bila ya shahada. Farasi akaenda katika Derby, mbio mashuhuri kuliko zote za Uingereza, akawa wa mwisho.

Lililomjenga, kwa rai yangu, si cheo wala mashamba, bali ni ndoa. Hannah de Rothschild alikuwa mtoto wa pekee wa Baron Mayer, na baada ya kufiwa na wazazi wake wote wawili alirithi kasri la Mentmore pamoja na utajiri uliomfanya ahesabiwe kuwa mwanamke tajiri kupita wote katika Uingereza. Walipooana tarehe 20 Machi 1878, Disraeli, Waziri Mkuu na kiongozi wa chama kilichopingana na chama cha bwana arusi, ndiye aliyemtoa bibi arusi. Lakini mama wa Rosebery hakupendezwa na mkwe Myahudi, na Mayahudi wengi nao walihuzunika kumwona binti wa nyumba ile akiolewa nje ya dini yake. Bibi huyu alikuwa na utulivu na subira ambayo mumewe, mtu wa maneno matamu na hasira za ghafula, hakujaaliwa. Gladstone, mzee wa chama cha Rosebery, alipokwenda jimbo la Midlothian huko Scotland mwaka 1879 kuhutubia maelfu ya watu, safari iliyomrudisha madarakani mwaka uliofuata, alikaribishwa Dalmeny, na mratibu wa shughuli zile zote alikuwa Rosebery. Hannah akawa mwenyeji, na mshauri wa faragha. Walizaliwa watoto wanne: Sybil, Margaret, Harry na Neil.

Novemba 1890 Hannah, aliyekuwa ameshikwa na homa ya matumbo, akafariki Dalmeny akiwa na miaka 39. Alizikwa Willesden, London, kwa taratibu za Kiyahudi, na mume akasimama kando kama mgeni, akiona dini nyingine ikija kumchukua maiti wa mkewe. Uchungu huo aliueleza mwenyewe katika barua kwa Malkia Victoria. Hakuoa tena.

Mtu huyo mwenye msiba ndiye aliyerejeshwa mwaka 1892 katika Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo aliwahi kuishika zamani, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyokwisha kuishiwa na fedha, ilipotangaza kuwa itaihama Buganda. Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu tena, na Harcourt, waziri wake wa fedha, walisema na iihame. Rosebery akakataa, akaokoa wakati kwa kupeleka mchunguzi, Portal, balozi wa Kiingereza katika Unguja, ambaye msafara wake uliondoka huko tarehe 1 Januari 1893. Naye aliyemtuma alijua vema ni jawabu gani alitakalo. Machi 1894 Gladstone akajiuzulu, na Malkia, pasipo kumtaka shauri mzee yule, akamwita Rosebery kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 6 Juni farasi wake mwingine, aliyepewa jina lile lile la Ladas, akashinda Derby katika uwanja wa Epsom, watu wakamshangilia barabarani na wacha Mungu wa chama chake wakanung'unika. Na kabla ya mwezi huo kwisha himaya ya Uganda ikatangazwa. Sidhani kuwa kule Epsom palikuwa na wengi walioyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja.

Uwaziri Mkuu haukudumu miezi kumi na sita. Harcourt, aliyekitamani kiti kile, alikuwa hasemi naye ila kwa shida. Usingizi ukampotea Rosebery usiku kwa usiku. Na Juni 1895 serikali ikaanguka Bungeni kwa kura saba tu, katika suala la akiba ya baruti isiyo na moshi. Baadaye akaandika vitabu, cha Napoleon akiwa St Helena kikiwa bora kuliko vingine, akijifungia katika ngome ya Barnbougle huko Dalmeny.

Novemba 1917 mwanawe Neil, aliyekuwa mbunge, aliuawa vitani Palestina karibu na Gezer, siku kumi na tatu tu baada ya serikali kumwandikia Lodi Rothschild, jamaa wa mama yake, ile barua ya waziri Balfour ya kuunga mkono makao ya Mayahudi katika nchi hiyo hiyo. Mwaka mmoja baadaye baba akapigwa na kiharusi. Alifariki Epsom tarehe 21 Mei 1929, na kwa kutaka kwake mwenyewe ikapigwa kando ya kitanda santuri ya wimbo wa wapiga makasia wa Eton, ambao maneno yake yalitungwa na William Johnson. Akazikwa Dalmeny; Hannah yuko Willesden.