Kodi ya Miezi Sita, Bumu la Siku 60: Makazi ya Wanafunzi Dar es Salaam

Kila msimu wa udahili unapofika, dai ni lilelile: vyuo vijenge mabweni. Dai hilo lilipata jibu lake kubwa Aprili 2017, Rais John Magufuli alipozindua pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania, yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Ulikuwa msaada mkubwa, na aliyepata kitanda humo hana sababu ya kuubeza. Lakini chuo hicho kilikwisha kuwa na wanafunzi zaidi ya 20,000, na mitaa ya Changanyikeni, Msewe na Makongo haikuacha kupokea wapangaji wenye mabegi ya vitabu. Makala hii inadai kwamba tatizo limesomwa vibaya. Kabla uhaba wa vyumba haujamfikia mwanafunzi, kalenda ya malipo imekwisha kumkwamisha.

Kwamba jiji limefurika, hakuna ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ubishi unaanza kwenye kodi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba soko likiachwa huru nyumba zitajengwa na bei zitajipanga zenyewe. Nyumba zimejengwa kweli. Ila hoja yao inapima kodi kwa mwezi, katika jiji ambalo mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla hajatoa ufunguo. Kosa hilo si dogo.

Tupige hesabu. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu anayepata posho kamili ya chakula na malazi hupewa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa kutoka 8,500. Kwa awamu ya siku 60, hiyo ni shilingi 600,000, ndilo bumu kwa lugha ya wanafunzi. Sasa tuchukue, kwa mfano tu, chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Angelipa mwezi kwa mwezi, kodi ya siku hizo 60 ingemtoa 200,000, akabakiwa na 400,000: zaidi ya shilingi 6,600 kwa siku za kula, nauli na fotokopi. Akidaiwa miezi sita, bumu lote limekwenda. Dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo jumla ni 700,000. Chumba ni kilekile na bei ni ileile, lakini mwanafunzi ameanza muhula akiwa na deni la laki moja na hajanunua godoro.

Tena bumu lenyewe haliji kabla ya kusajiliwa na kusaini. Kijana anayeshuka stendi ya Mbezi Luis na tranka na ndoo, akitokea Kigoma au Sumbawanga, anahitaji pa kulala usiku uleule. Dalali anampitisha vichochoroni hadi kwenye chumba chenye plasta isiyopakwa rangi, bomba uani, luku ya kuchangia na wapangaji wanne. Anapaswa kuamua palepale, maana nyuma yake yupo mwingine. Wazazi wakiwa na ng'ombe au shamba la kuuza, analipa. Wasipokuwa nalo, anageukia kubebana: mwenye kitanda bwenini anambeba mwenzake asiye nacho, wawili kwenye godoro la futi tatu, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakati wa mitihani kama wakati mwingine wote. Takwimu za mabweni haziwezi kumwona huyo wa pili.

Wenye nyumba wana utetezi wao, na una uzito. Wengi hujenga kidogo kidogo, kwa hiyo kodi ya mwaka ndiyo mabati ya chumba kinachofuata. Kwao inashika nafasi ya mkopo wa benki. Aidha mwanafunzi huweza kuondoka baada ya mtihani wa mwisho akiacha deni la umeme. Hofu hiyo ni halali, ila gharama yake yote imetwishwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mkataba. Na anayelipia mwaka hulipia pia miezi ya likizo ndefu, chumba kikiwa na kufuli.

Marufuku ya kodi ya mkupuo pengine ingeishia kwenye makaratasi, kwa kuwa mikataba mingi ya vyumba hivi huandikwa kwenye karatasi ya daftari, au haiandikwi kabisa. Dhamana ingefanya kazi zaidi. Chuo kimhakikishie mwenye nyumba kwamba kodi ya kila mwezi italipwa na uharibifu utafidiwa, kisha fedha zikatwe kwenye awamu za posho kwa ridhaa ya mwanafunzi. Gharama yake ingekuwa ndogo mno kuliko ya jengo jipya. Ijaribiwe Changanyikeni, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza peke yao, na ianze wiki ile ya usajili, kabla bumu halijaingia.