Magadiiti na Asili ya Gumegume: Kutoka Ziwa Magadi hadi Miamba ya Kale ya Mara

Wakazi wa Kigera, kama wenzao wa Musoma, Bunda na Butiama, huyajua magadi kama bidhaa ya sokoni: mabonge meupe yanayotiwa chunguni ili maharage makavu yaive upesi. Ziwa lililo karibu nao halitoi kitu hicho. Ziwa Viktoria lina mlango, kwa kuwa maji yake hutoka Jinja na kufuata Mto Naili, na chumvi inayoletwa na mito haipati nafasi ya kurundikana. Magadi hutengenezwa na maziwa yasiyo na mlango, yaliyo chini katika Bonde la Ufa, ambako maji huingia na kuondoka kwa njia ya mvuke peke yake. Hata hivyo, mojawapo ya maziwa hayo, lililo chini ya kilomita 300 mashariki mwa Kigera, lilikuja kuhusishwa na miamba ya Mara kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Kiungo chake kilikuwa madini adimu yanayoitwa magadiiti.

Ziwa lenyewe ni Magadi, kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania na jirani wa Ziwa Natron. Sehemu kubwa yake si maji bali ni ganda gumu la magadi, ambalo mahali pengine unene wake unafikia makumi ya mita. Wamaasai walikuwa wakiyatumia magadi hayo, ambayo wao huyaita emakat, kabla ya serikali ya kikoloni kufika. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya kuyachimba kwa ajili ya viwanda, ikafuatiwa na reli ya tawi kutoka Konza. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 ziwa hilo lilitazamwa hasa kama ghala la bidhaa. Matabaka ya udongo na gumegume yanayolizunguka yalielezwa kwa kina na mwanajiolojia B. H. Baker katika ripoti ya Idara ya Jiolojia ya Kenya ya mwaka 1958. Ramani yake ndiyo iliyowaonyesha waliokuja baadaye mahali pa kuchimbua.

Miongoni mwao alikuwamo Hans Eugster, Mswisi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani. Katika matabaka machanga yaliyo juu ya kiwango cha ziwa la leo alikuta tabaka jeupe, laini likiwa na unyevu kiasi cha kufinyangwa kwa vidole, ambalo likikauka hukakamaa na kunywea. Kwa macho lingeweza kudhaniwa kuwa chokaa au udongo wa kawaida. Vipimo vya maabara vilionyesha jambo jingine: silika, sodiamu na maji, vilivyopangika katika kurasa nyembamba mno, huku nafasi kati ya ukurasa na ukurasa ikiwa takriban nanomita 1.5. Hayakuwa yamepata kuelezwa popote. Mwaka 1967 Eugster aliyatangaza katika jarida la Science kwa jina la magadiiti, pamoja na ndugu yake aliyemwita kenyaiti. Kenya ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru.

Ili kuelewa kwa nini tangazo hilo lilivuta macho ya wengi, ni lazima kwanza kufahamu tabia ya maji ya ziwa hilo. Silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga na kioo, huyeyuka kwa shida sana katika maji ya kawaida. Lita moja ya maji ya mto hubeba miligramu chache au makumi machache. Maji ya Magadi yana kabonati ya sodiamu kwa wingi na kiwango cha pH kinachopita 10, na katika hali hiyo lita moja yaweza kushika zaidi ya miligramu 2,000. Maji mepesi ya mvua yanapofika na kutanda juu ya maji hayo mazito, pH hushuka mahali yanapokutana, na silika isiyoweza tena kubaki katika myeyuko hutuama chini ikiwa imeshikamana na sodiamu. Hiyo ndiyo magadiiti kwa mujibu wa Eugster. Uvukizi nao unaweza kuleta matokeo hayo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Katika magadiiti kuna atomu saba za silikoni kwa kila atomu moja ya sodiamu. Katika kenyaiti kuna kumi na moja. Maji ya mvua yakipenya katika tabaka lililobaki nchi kavu, huiosha sodiamu kidogo kidogo, na kinachobaki mwishoni ni silika tupu, yaani gumegume. Eugster alikuta hatua zote katika eneo moja: udongo mweupe laini, mabonge ya kenyaiti ndani yake, na gumegume ngumu yenye uso uliopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Baadhi ya mabonge hayo yalikuwa bado na umbo la kitu kilichokandamizwa kikiwa laini. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mwamba mgumu kiasi hicho unavyoweza kuzaliwa kutokana na kitu mfano wa unga uliokandwa.

Mwaka 1970 Sheppard, Gude na Hay walieleza madini ya tatu kutoka ziwa hilohilo, yaliyopatikana katika sampuli ya kisima kilichochimbwa ndani ya magadi, wakayaita makatiti, kutokana na neno la Kimaasai. Hivyo orodha ya madini ya dunia ina jina moja lenye asili ya Kiswahili na jingine lenye asili ya Kimaasai, na maneno yote mawili yana maana ileile. Jamaa ya nne, kanemiti, ilielezwa mwaka 1972 kutoka Kanem, kando ya Ziwa Chad. Magadiiti yenyewe ilitambuliwa pia California na Oregon kabla ya muongo wa 1960 kwisha. Leo wakemia huitengeneza maabara, kwa kuwa kurasa zake hupokea na kuachia ioni kwa urahisi.

Richard Hay, mmoja wa hao watatu, ndiye aliyeileta hoja hii Tanzania. Katika Bonde la Olduvai alikuta gumegume zenye nyuso na maumbo ya zile za Magadi, ndani ya matabaka ya ziwa la kale lililokuwa na chumvi na magadi. Jambo hilo liligusa historia ya binadamu moja kwa moja. Wahunzi wa mawe wa Olduvai walitegemea zaidi lava na kwazaiti ya kilima cha Naibor Soit. Lakini kwa kipindi fulani, takriban miaka milioni 1.7 iliyopita, walichonga zana nyingi kwa gumegume. Eneo liitwalo MNK, lililoelezwa na Stiles, Hay na O'Neil mwaka 1974, lilikuwa karakana ya kuchongea. Gumegume ilipatikana pale ziwa liliporudi nyuma na kuyaacha mabonge wazi. Yalipofunikwa tena, wachongaji walirudia mawe yao ya zamani. Uchaguzi wa zana, ambao ni rahisi kuusoma kama alama ya akili iliyopanda au kushuka, hapa ulifuata kina cha maji ya ziwa.

Mwaka 1973 Eugster na I-Ming Chou walikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo Mara inapoingia. Ukanda wa miamba ya kijani wa Musoma na Mara, uleule wenye migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, una miamba ya chuma yenye mistari: ukanda wa chuma, ukanda wa silika, tena na tena. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Miamba ya jinsi hiyo iko Australia, Afrika Kusini na Marekani pia, na chanzo cha ile mistari ya silika kilikuwa fumbo. Wataalamu hao wawili walipendekeza kwamba huenda silika hiyo ilianza ikiwa magadiiti au ute wa silika, katika mabeseni ya maji ya kale.

Pendekezo hilo lilikuwa la kijasiri kuliko ushahidi wake. Magadiiti haidumu, ikishageuka kuwa gumegume haiachi sodiamu ya kuitambulisha, na katika miamba iliyopikwa na kukunjwa kama ya Mara hata alama za mipasuko hufutika. Isitoshe, ziwa dogo la Bonde la Ufa si kipimo kinachofaa kwa matabaka yanayoenea mamia ya kilomita. Ndani ya Magadi kwenyewe nadharia ilitikiswa. H.-J. Behr, katika uchambuzi wa mwaka 2002, alidai kwamba sehemu kubwa ya gumegume za bonde hilo haikupitia magadiiti kamwe, bali ilitokana na ute wa silika pamoja na utando wa bakteria. Mwaka 2014 mradi wa kimataifa wa kuchimba maziwa ya kale ulitoboa Ziwa Magadi hadi karibu mita 200, na mwaka 2021 Leet, Lowenstein na wenzao walichapisha uchunguzi wa gumegume za Magadi zenye michoro mfano wa njia za kupotezana. Kwao michoro hiyo ni ushahidi wa ute uliokakamaa mapema, kabla ya tabaka kufukiwa kwa kina.

Madai ya Eugster kwa hiyo yamepunguzwa mipaka: tabaka jeupe alilolieleza lipo, na mageuzi yake kuwa gumegume yanaonekana, ila si kila gumegume ya Magadi ni mtoto wake. Kuhusu mistari ya silika ya Mara, wengi sasa huelekea kwenye ute wa silika uliotuama moja kwa moja kutoka katika bahari za kale, ambazo hazikuwa na viumbe wa kuipunguza silika hiyo kama walivyo leo.