Fedha za Umma, Umeme Uliookolewa

Kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, utafiti wa nishati uliogharimiwa na serikali ya Marekani ulikuwa hasa wa nyuklia. Mafuta yalikuwa rahisi, na aliyetaka kuchunguza namna ya kuyatumia kidogo hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Oktoba 1973 mambo yaligeuka. Nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta kwa kuwa iliisaidia Israeli vitani, na kufikia Januari 1974 pipa la dola 3 lilikaribia dola 12.

Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliunda Wizara ya Nishati, na utafiti wa kubana matumizi ukapata fungu la maana. Katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, mwanafizikia Arthur Rosenfeld, mwanafunzi wa zamani wa Enrico Fermi, alikwisha kuacha kuchunguza chembe za atomu ili ashughulikie majengo na taa. Kampuni kubwa za taa hazikuwa na haraka ya kubadili balasti, kifaa kinachodhibiti umeme katika taa za tyubu. Maabara ikazigharimia kampuni ndogo kutengeneza balasti ya kielektroniki. Soko lilipoonekana, wakubwa wakafuata. Fedha za umma zilifanya vivyo hivyo kwa vioo vya madirisha vinavyozuia joto kupotea na kwa kompresa za friji.

Ronald Reagan alipoingia madarakani mwaka 1981, alitaka kazi hiyo iachiwe soko, na bajeti ikafyekwa. Hata hivyo, mwaka 1987 yeye mwenyewe alisaini sheria ya viwango vya vifaa vya nyumbani. Utafiti ulionyesha kinachowezekana, sheria ikakilazimisha. Friji ya Marekani, iliyokula takriban uniti 1,800 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1970, ilishuka hadi kama 500 mwanzoni mwa karne hii, ingawa ilikuwa imeongezeka ukubwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2001 Baraza la Taifa la Utafiti liliwasilisha hesabu iliyoombwa na Bunge: katika miaka 22, takriban dola bilioni 7 zilitumika kwa utafiti wa kubana matumizi, na miradi iliyokaguliwa ilileta faida ya kama dola bilioni 30. Sehemu kubwa ya faida hiyo ilitoka kwenye miradi michache iliyogharimu kidogo, ikiwemo balasti na kompresa, na mwaka 1978 hakuna waziri ambaye angeitambua mapema.

Mvutano haujaisha. Mwaka 2009 shirika jipya la utafiti wa nishati, ARPA-E, lilipewa dola milioni 400. Mwaka 2017 Rais Donald Trump alipendekeza lifutwe, Bunge likakataa. Tangu mwanzo, wanasiasa wameupima utafiti kwa bei ya mafuta ya msimu. Lakini balasti iliyogharimiwa mafuta yakiwa ghali ilienea yalipokuwa yameshuka bei, na bili zikapungua vilevile.